Pamba, Moto na Upanga: Kesi ya Ghazali na Ibn Rushd

Abu Hamid al-Ghazali alifariki mwaka 1111 mjini Tus, Khorasan. Ibn Rushd alizaliwa mwaka 1126 mjini Cordoba, Hispania ya Waislamu. Hawakuonana. Hata hivyo wana kesi moja ambayo mpaka leo haijafungwa. Mwaka 1095 Ghazali alikamilisha Tahafut al-Falasifa, kitabu cha kuwabomoa wanafalsafa, hasa Farabi na Ibn Sina. Miaka 85 hivi baadaye Ibn Rushd akamjibu hoja kwa hoja katika Tahafut al-Tahafut.

Pwani yetu Ghazali ni mtu wa nyumbani. Kitabu chake Ihya kimesomeshwa Lamu na Unguja kizazi baada ya kizazi. Ibn Rushd ameingia kwa mlango mwingine: mwanafunzi wa fikihi anayefungua Bidayat al-Mujtahid kutafuta hitilafu za maimamu anamsoma yeye, na huenda asijue kwamba mwandishi huyo, aliyekuwa kadhi, ndiye Averroes aliyewakosesha usingizi maprofesa wa Paris.

Kuna muhtasari unaozunguka kila mahali: Ghazali ni dini, Ibn Rushd ni akili, dini ikashinda, sayansi ikafa. Ni muhtasari mvivu, na kila nikiusikia natamani wenye vitabu hivyo wangeitwa waje kujieleza wenyewe. Kwa kuwa haiwezekani, nimewakalisha watu watatu wabishane kwa niaba yao: Wakili, anayemtetea Ibn Rushd, Ustadh, mtu mzima aliyesomesha Ihya kwa miaka mingi, na Dokta, mama wa hospitali asiye na upande. Watu hao ni wa kubuni. Hoja wanazozibeba zimo vitabuni.

WAKILI: Mimi naanza na pamba, Ustadh, kwa sababu ndipo kesi ilipo. Tahafut al-Falasifa ina masuala 20. Katika suala la 17 Ghazali anachukua pamba, anaigusisha na moto, pamba inaungua. Mimi na wewe tungesema moto umeiunguza. Yeye anakataa. Anasema ulichokiona ni pamba kuungua wakati ilipoguswa na moto; hukuona kwamba imeungua kwa sababu ya moto. Moto ni kitu kisicho na uhai, hauna tendo. Mwenye kuunguza ni Mwenyezi Mungu, kwa kupitia malaika au bila ya kupitia yeyote. Sasa niletee mtu aliyechoma nyumba ya jirani, asimame kizimbani aseme: "Mheshimiwa, mimi nilishika kiberiti tu, nyumba ikaungua wakati huohuo." Nani atakwenda jela?

USTADH: Atakwenda yeye, mwanangu, na hukumu atasomewa na Ghazali mwenyewe. Usisahau kwamba mtu huyu alikuwa fakihi wa Kishafii kabla ya yote. Anajua vizuri kwamba Mungu amejaalia ada, moto ukigusa pamba pamba iungue, jana, leo na kesho, na sheria inaendeshwa kwa ada hiyo pamoja na nia ya mtu. Anachokikataa ni kitu kimoja tu: neno "lazima". Mbili na mbili ni nne, hilo ni lazima. Ukilikataa umejipinga mwenyewe. Mtu mmoja kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, haiwezekani. Lakini pamba kuguswa na moto isiungue, unaweza kuliwaza jambo hilo bila kujipinga. Basi lazima imetoka wapi? Macho hayaioni. Mantiki haiitoi. Wanafalsafa waliiingiza kwa magendo.

WAKILI: Na akili nzima ya mtu mzima inasema nini?

USTADH: Akili nzima ya mtu mzima imezoea. Kuzoea ni kitu kimoja, kuthibitisha ni kitu kingine. Na jambo hili Ghazali hakulianzisha kwa mchezo. Nyuma yake yuko Nabii Ibrahim ndani ya moto bila kuungua. Mwanafalsafa aliyesema moto ni lazima uunguze alikuwa na maana kwamba kisa kile hakiwezekani, wala Mungu mwenyewe hawezi. Ghazali akamuuliza: umejuaje?

DOKTA: Ngojeni kidogo, maana katika suala hilohilo kuna mfano ambao watu huuruka, nao ndio uliofanya nimheshimu. Anasema tuchukulie kipofu mwenye utando machoni, ambaye hajapata kusikia habari ya usiku na mchana. Utando unamtoka wakati wa mchana. Anafungua kope, anaona rangi. Atasema kinachomfanya aone rangi ni kufunguka kwa jicho lake, na atakuwa na hakika kabisa: jicho zima, kope wazi, rangi iko mbele, vipi asione? Mpaka jua lizame. Kope bado ziko wazi, rangi haionekani, ndipo anapojua kwamba kulikuwa na mwanga wa jua siku nzima na hakuwa na habari nao. Mimi nimeona wagonjwa wa mtoto wa jicho wakifunguliwa bandeji. Lakini hata bila hao, mfano ule ni wa mtu anayejua maana ya kuangalia.

WAKILI: Mfano mzuri, Dokta, ila unamsaidia nani? Kipofu alikosea sababu. Hakukosea kudhani kwamba sababu ipo. Jua lilipozama alipata sababu iliyo sahihi zaidi. Hapo ndipo Ibn Rushd anapomshika: anayekataa sababu amekataa akili, kwa kuwa akili kazi yake ni kuvijua vitu kwa sababu zake. Ukimwambia moto hauna tabia ya kuunguza, utaujuaje kuwa ni moto na si maji? Kila kitu kina kazi yake inayokipambanua. Ukiiondoa kazi, vitu vyote vinakuwa kitu kimoja, au si kitu kabisa. Na elimu yote inabaki dhana.

DOKTA: Dhana si tusi kwetu sisi. Niulize habari ya klorokwini. Nilipoanza kazi ulimpa mtoto mwenye malaria klorokwini, anapona, ungeweza kuapa. Ikaanza kushindwa, kidogo kidogo, kisha kwa wingi. Mwaka 2001 Tanzania ikaiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Vidonge ni vilevile, homa ni ileile, ada imekatika. Siku hizo ningemsoma Ghazali ningesema huyu mtu anaijua wodi yangu.

WAKILI: Na kwa nini ilikatika?

DOKTA: Kimelea kilibadilika. Kikapata uwezo wa kuitoa dawa kule inakofanyia kazi.

WAKILI: Alaa! Umetafuta sababu, umeipata. Hukusema ada ya Mungu imebadilika tukaenda kulala.

DOKTA: Nimetafuta sababu, kweli. Lakini niliitafuta kwa sababu niliacha kuamini kwamba lazima niliyokuwa nayo ni lazima. Aliyeendelea kuamini aliendelea kuandika klorokwini, na watoto waliendelea kufa. Kwa hiyo mgawanye sifa, msipigane.

Hapa naingilia kama mwandishi. Kwa hoja tupu ya pamba, Ghazali yuko mbele, na historia imempa shahidi asiyetarajiwa. Mwaka 1748, miaka zaidi ya 650 baadaye, David Hume wa Scotland aliandika karibu jambo hilohilo: hatuoni kamwe kani inayounganisha sababu na tokeo, tunaona kimoja kikifuata kingine, na mazoea ya nafsi yanajaza pengo. Hume hakuwa akimtetea Nabii yeyote. Aliitumia hoja hiyo kutilia shaka mambo ambayo Ghazali aliiandikia ili kuyalinda, na sura yake juu ya miujiza imo katika kitabu hichohicho. Hoja haina uaminifu kwa aliyeizaa. Tofauti yao ni kwamba kwa Hume ada inakaa ndani yetu, kwa Ghazali inakaa kwa Mungu, ambaye pia ndiye anayetutia elimu kwamba kitabu tulichokiacha nyumbani hakijageuka farasi. Mfano wa kitabu kugeuka farasi ni wa Ghazali mwenyewe; aliuweka mdomoni mwa mpinzani wake kabla mpinzani hajaufikiria. Hiyo ni adabu ya mabishano ambayo siku hizi imeadimika.

USTADH: Na niongeze kitu juu ya huo uongo wa kwamba aliua sayansi. Katika dibaji ya kitabu hichohicho anazungumzia kupatwa kwa jua. Wanajimu wanaeleza kwa hesabu kwamba mwezi unaingia kati ya jua na anayetazama. Ghazali anasema hilo halina ugomvi na dini, na anayedhani kwamba analipinga kwa ajili ya dini ameidhuru dini kuliko adui yake. Ndani ya Ihya analalamika kwamba miji imejaa mafakihi wanaogombania hitilafu za fikihi, na mji mzima hauna tabibu Mwislamu, hali utabibu ni faradhi ya kutoshelezana. Dokta, wewe unaitekeleza faradhi aliyoililia yeye.

DOKTA: Nashukuru. Mshahara hauonyeshi.

USTADH: Kisha tazameni waliokuja baada yake. Nasir al-Din al-Tusi na kituo cha kutazama nyota cha Maragha, kilichoanzishwa mwaka 1259. Ibn al-Nafis, aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni. Ibn al-Shatir wa Damascus, muwakiti (mpanga saa za sala) wa msikiti, akitengeneza hesabu za sayari katika karne ya 14. Aliyekufa mwaka 1111 aliwaua vipi watu hawa?

WAKILI: Hilo nakubali, shekhe wangu, sina haja ya kulipigania. Mimi kesi yangu haiko huko. Kesi yangu iko mwisho wa kitabu.

Ustadh alijua anakopelekwa, nami nilijua, maana huko ndiko nilikotaka mjadala ufike. Ila kabla ya huko kuna suala la wema na ubaya, na masuala haya mawili hayatenganiki.

WAKILI: Tuseme moto hauna tabia yake mwenyewe, kila kitu ni amri. Je, na dhulma? Watu wa madhehebu ya Waashari, ambao Ghazali ni wa kwao, wanasema kitendo chenyewe hakina uzuri wala ubaya. Uongo ni mbaya kwa kuwa umekatazwa. Ungeamrishwa, ungekuwa mzuri. Ibn Rushd aliliona hilo kuwa jambo la aibu kubwa: maana yake ni kwamba hata kumshirikisha Mungu si kubaya kwa nafsi yake, na kwamba sheria ingekuja kinyume, shirki ingekuwa uadilifu. Plato alimfanya Sokrates aulize swali hilo miaka 1,500 hivi kabla: jambo jema, miungu wanalipenda kwa kuwa ni jema, au ni jema kwa kuwa wanalipenda?

USTADH: Ukishasema ni jema lenyewe, umeweka kanuni juu ya Mungu. Na mimi nitakupa kisa maarufu cha Abul-Hasan al-Ashari na mwalimu wake Jubbai wa Basra. Jubbai alikuwa Mutazila: Mungu ni mwadilifu kwa kipimo tunachokijua, na humtendea kila mja lililo bora kwake. Ashari akamuuliza habari ya ndugu watatu. Mmoja amekufa mtu mzima mcha Mungu, wa pili mtu mzima kafiri, wa tatu mtoto. Jubbai akasema: wa kwanza ana daraja peponi, wa pili motoni, wa tatu ameokoka ila hana daraja. Ashari akasema: mtoto akiuliza, "Mola wangu, mbona hukuniacha nikakua nikachuma daraja kama ndugu yangu?" Jubbai akajibu: ataambiwa, "Nilijua ungekua ungeasi, ungeingia motoni, kufa mapema ndiyo bora yako." Basi, akasema Ashari, yule wa motoni atapiga kelele: "Mola wangu, na mimi ulijua! Mbona hukuniua mdogo?"

DOKTA: Jubbai akasema nini?

USTADH: Kimya. Wasimulizi wanasema hapo ndipo mwanafunzi alipomwacha mwalimu. Kama kisa kilitokea hivyo hasa au kimetiwa chumvi, hoja yake haina chumvi. Ukitaka kumpima Mungu kwa mizani yako ya sokoni, kijana yule wa motoni atakuja kuikalia.

DOKTA: Mimi nimekaa na akina mama waliofiwa na watoto. Sijawahi kumwambia hata mmoja jibu la Jubbai, na jibu la Ashari pia sijawahi. Lakini nina swali kwa Ustadh. Mkisema hatuwezi kutumia neno "uadilifu" kwa Mungu kwa maana tunayoijua, mnapomsifu kuwa mwadilifu mnamsifu kwa nini?

USTADH: Swali lako ni zito, na Ibn Rushd alilitilia mkazo huohuo. Sina jibu la kukunyamazisha. Nina jibu la kuishi nalo: namsifu kwa alivyojisifu mwenyewe.

WAKILI: Ngoja nami nimkosoe mteja wangu mahali hapa, nisionekane kasuku. Ibn Rushd hajibu kilio cha yule wa motoni. Anasema uovu kidogo umeumbwa kwa ajili ya wema mwingi, kama moto unaotufaa na mara nyingine unaunguza. Kwa anayeungua, hilo ni neno baridi.

Naingilia tena. Haya, mwisho wa kitabu. Masuala 20 yamekwisha, wanafalsafa wamevunjwa mmoja mmoja, ndipo Ghazali anaandika ukurasa mmoja wa hitimisho. Anauliza, kama mufti aulizwavyo: je, mnahukumu kwamba watu hawa ni makafiri, na kwamba anayeshika itikadi zao ni wajibu auawe? Anajibu kwamba katika masuala 17 ni bidaa, mambo ambayo makundi mengine ya Waislamu yameyasema. Katika matatu hakuna njia ila kuwakufurisha: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Mungu anayajua mambo kwa ujumla wake na si kila tukio mojamoja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili.

WAKILI: Sasa mimi nasimama kama wakili, si kama msomi. Mtu ameandika kurasa mamia kuthibitisha kwamba hatuna hakika hata ya moto kuunguza pamba. Amewakejeli wanafalsafa kwa kudai burhani, yaani uthibitisho usiopingika, mahali wasipokuwa nayo. Halafu anafunga kitabu kwa hukumu ya kifo. Hakika ya kutosha upanga aliipata wapi?

USTADH: Katika wahyi, bwana wakili. Shaka yake ilikuwa juu ya madai ya akili, haikuwa juu ya Kitabu. Mungu asiyejua kwamba Zaid ameswali leo atamlipa vipi? Ukikanusha hilo, umekanusha malipo, umekanusha utume. Si suala la nadharia, jengo zima linaanguka.

WAKILI: Ibn Rushd amelijibu, na jibu lake kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote aliyoyaandika juu ya Mungu. Anasema nyote wawili, Ghazali na Ibn Sina, mnagombania elimu ya Mungu kana kwamba ni aina ya elimu yetu. Elimu yetu inasababishwa na vitu: kitu kinakuwapo, ndipo tunakijua. Elimu yake ndiyo inayovisababisha vitu. Basi haiitwi ya jumla wala ya mojamoja. Maneno hayo ni ya kwetu. Hakuna aliyemkanusha Mungu kujua. Kilichokataliwa ni kumfananisha. Na kwa tofauti kama hiyo mtu akatwe shingo?

USTADH: Na Ghazali baadaye alilainika. Someni Faysal al-Tafriqa. Anaonya vikali juu ya kukufurisha, anaweka kanuni za tafsiri na viwango vyake, anasema uuzuie ulimi wako juu ya watu wa kibla. Anasema hata Wakristo wengi wa Rum na Waturuki wa zama zake ambao ujumbe haukuwafikia, au umewafikia umepotoshwa, rehema itawaenea. Huyo si mtu wa kiu ya damu.

WAKILI: Nimeisoma, na Ibn Rushd aliisoma! Katika kitabu chake Fasl al-Maqal, cha mwaka 1179 hivi, anaichukua Faysal hiyohiyo kama kielelezo: kwa kanuni zako, Abu Hamid, hukumu yako juu ya Farabi na Ibn Sina si ya kukata. Ijmaa, yaani makubaliano ya wanachuoni wote, haithibiti katika mambo ya nadharia, kwa sababu huwezi kujua kila mwanachuoni wa kila zama aliamini nini moyoni. Na kadhi akijitahidi akapata ana ujira mara mbili, akikosea ana ujira mmoja. Itakuwaje anayejitahidi juu ya asili ya ulimwengu apate upanga, na anayejitahidi juu ya mpaka wa shamba apate thawabu? Hiyo ni hoja ya kadhi aliyekaa Sevilla na Cordoba akihukumu watu wa kweli. Ghazali hakukaa kiti hicho.

USTADH: Hapo umenibana. Nakubali ukurasa ule wa mwisho ni mzito kuliko hoja zilizoutangulia. Lakini nawe nikuulize. Mteja wako alikuwa na dawa gani? Anasema watu ni matabaka matatu: wa burhani, wa jadali (mabishano), na umma wa kawaida unaotosheka na hotuba. Tafsiri za ndani ni za tabaka la kwanza peke yake. Akamlaumu Ghazali kwa kuziweka katika vitabu vya umma, akamkejeli kwamba ni Mwashari kwa Waashari, Sufi kwa Masufi, mwanafalsafa kwa wanafalsafa. Akawaomba watawala wavizuie vitabu vya burhani visiwafikie wasiostahili. Ndiye huyo mtetezi wa akili huru?

DOKTA: Mimi ningeongeza ile siku aliyopelekwa na mwanafalsafa Ibn Tufayl mbele ya mtawala wa dola ya Muwahidun, Abu Yaqub Yusuf. Mtawala akamuuliza wanafalsafa wanasemaje juu ya mbingu, je, ni za milele au zimeumbwa. Ibn Rushd akaingiwa na hofu, akakana kwamba anajishughulisha na falsafa. Mpaka mtawala alipogeuka akaanza kuzungumza na Ibn Tufayl, akitaja Aristotle na Plato kwa ufasaha, ndipo akapumua. Namwelewa. Ila mtu anayejua hofu hiyo, akaja kushauri serikali ifungie vitabu...

WAKILI: Alikuwa anawalinda wachache waliokuwapo. Alijua jirani zake.

DOKTA: Hawakumlinda. Mwaka 1195 mtawala aliyefuata, al-Mansur, alimfukuza Cordoba akamweka Lucena, vitabu vya falsafa vikachomwa. Imepokewa kwamba yeye na mwanawe waliingia msikitini alasiri, watu wakawatoa. Umma uleule aliosema usifundishwe. Sisemi kwamba wangemtetea kama angewafundisha. Nasema hakujaribu.

USTADH: Ghazali alijaribu. Naye alilipia. Mwaka huohuo wa Tahafut, 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, ulimi ulimkwama. Anasimulia katika kitabu chake al-Munqidh: anataka kusomesha, neno halitoki, chakula hakiteremki, matabibu wakakata tamaa wakasema jambo limeanzia moyoni. Akaacha cheo, akagawa mali, akaenda Damascus, Jerusalem, Makka. Akaona kwamba amekuwa akisomesha elimu ya Mungu kwa ajili ya jina lake.

DOKTA: Kwa hilo namvulia kofia. Ila tazameni jambo moja, maana nyote mmenyamaza kulihusu kana kwamba si la kwenu. Tumezungumzia uadilifu saa nzima, na uadilifu wote ni wa wanaume wanaokufurishana. Ibn Rushd alikosa Siasa ya Aristotle, kwa hiyo alipotaka kuandika juu ya dola akafafanua Jamhuri ya Plato. Humo anasema wanawake wa miji ya zama zake wamewekwa kwa ajili ya kuzaa na kulea tu, vipaji vyao havijulikani, wameachwa kama mimea, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya umaskini wa miji hiyo. Katika karne ya 12, kadhi wa Cordoba! Na ndani ya Bidaya anaorodhesha, bila kukunja uso, kwamba fakihi Tabari aliruhusu mwanamke awe kadhi katika kila jambo, na Abu Hanifa katika kesi za mali.

USTADH: Ni kweli, imo. Na Ghazali katika kitabu cha ndoa ndani ya Ihya ana maneno ambayo sitayasoma mbele yako.

DOKTA: Nimeshayasoma, Ustadh, usihangaike. Wakili, ufafanuzi ule wa Jamhuri kwa Kiarabu uko wapi?

WAKILI: Umepotea. Umebaki kwa Kiebrania, tafsiri ya karne ya 14 ya Samuel ben Judah wa Marseille, na kwa Kilatini iliyotoka kwenye Kiebrania.

DOKTA: Basi hiyo ndiyo kesi yangu dhidi ya mteja wako. Lile neno moja ambalo bibi yangu angelihitaji, lililosema kwamba si yeye aliyeumbwa hafai, bali mji uliompanga hivyo, aliliweka katika kitabu cha tabaka la kwanza. Ghazali aliyoyaona kuwa ya haki, na yale nisiyokubaliana nayo, aliyaandika ndani ya Ihya kwa lugha ambayo mtu wa kawaida akisomewa anaelewa, na yakasomwa mpaka Lamu. Bibi yangu aliyasikia yote, mazuri na mabaya, akachagua. La Ibn Rushd hakuwahi kuambiwa lipo.

WAKILI: Kwa hiyo unampa nani?

DOKTA: Kwenye moto, Ghazali. Kwenye upanga, Ibn Rushd. Kwenye kufungia vitabu, simpi yeyote, na usiniombe.